Giza la Pembeni

Mtaani walimwita Lenzi, na kwa jina hilo hakuonewa. Ukimpa mdogo wangu salamu za asubuhi, alikujibu kwa habari za lenzi. Ukimuuliza mtoto hajambo, alisema hajambo, ila picha alizompiga jana zingetoka vizuri zaidi kama angekuwa na ile nyingine, yenye mdomo mpana. Mimi ni dada yake, wa kwanza mimi na wa pili yeye, na baada yetu mama hakuzaa tena. Ninayo haki ya kumsema, na nitamsema, kwa sababu nampenda na kwa sababu hasira zangu hazijaisha.

Tulikuwa na studio ya picha, chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa pazia. Mbele ilikuwa meza yangu: mkasi, gundi, kisu cha kukatia picha za pasipoti, kitana kwa wasiokuja na chao, na koti jeusi ambalo kila mwanamume wa mtaa alilivaa siku alipotaka kuonekana ana kazi. Wembamba tuliwabana kwa pini mgongoni, wanene tuliwaomba wasipumue. Nyuma ya pazia ndiko alikokaa yeye, na kitambaa cheupe ukutani, kigoda na taa zake. Yeye alipiga, mimi nikachapisha, nikakata, nikapokea na maneno ya wateja.

Kazi aliijua, msije mkadhani namdharau. Mtoto aliyetoka nyumbani analia alinyamaza mbele yake. Bibi aliyeficha mapengo yake kwa kiganja alijikuta anacheka, na picha hiyohiyo ya kucheka ndiyo aliyoichagua. Na hayo yote aliyafanya kwa kamera yake ya kwanza, ambayo mkanda wake ulishonwa na fundi viatu.

Halafu akaanza kulalamikia pembeni. Siku moja alitoka nyuma ya pazia na picha ya familia fulani, akaipeleka dirishani, akaniuliza kama silioni lile giza. Nikatazama. Sura za watu zilionekana, nguo zilionekana, hata kidole cha mguu cha mtoto wa mwisho kilionekana. Nikamwambia picha ni safi, asinitie wazimu. Akasema mimi natazama kwa jicho la dada. Kwenye kioo kidogo cha nyuma ya kamera, alisema, picha ilikuwa sawa, lakini ikishachapishwa kubwa pembe zake zinafifia kama zimepikwa kwenye moshi.

Kwanza ikalaumiwa printa, ikaondoka. Ikafuata skrini ya kompyuta. Zikafuata taa, kisha fleshi, na mwisho akafika kwenye lenzi, na huko hakurudi tena. Kila mpya ilipokuja alikuwa mtu wa furaha kweli. Aliitoa kwenye boksi polepole, akaizungusha ringi yake karibu na sikio, akanionyesha kana kwamba ni mtoto aliyezaliwa. Furaha hiyo haikudumu, na maboksi yalipanda juu ya kabati mpaka yakagusa dari. Sitasingizia kwamba hapakuwa na tamaa. Ilikuwepo, na ilikuwa tamu kwake kuliko chakula.

Nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Akanijibu kwamba hata mkulima hawezi kulima kwa kijiko. Wifi yangu, mkewe, mwanamke mpole mwenye utani wa chinichini, alikuwa akisema ameolewa uke wenza bila kuarifiwa, na kwamba mwenzake analala kwenye mfuko wenye sponji wakati yeye analala kwenye godoro lililobonyea. Tulicheka sana. Na mdogo wangu mwenyewe alicheka.

Walikuwa na binti mmoja, waliyempata baada ya kungoja mpaka watu wakachoka kuwauliza. Kila kifaa kilijaribiwa kwa mtoto huyo. Lenzi ikinunuliwa, mtoto anasimamishwa mlangoni kwao, kwenye mwanga. Picha nikimchapishia, anazikataa zote, pembeni kuna giza. Wifi akiomba japo moja ya kutundika, anaambiwa avumilie, kuna lenzi inakuja, hiyo ndiyo itakayomtoa mtoto kama alivyo. Kwa hiyo kwenye nyumba ya mpiga picha, ukuta wa sebuleni ulikuwa na saa na kalenda tu.

Miaka hiyohiyo akawa mtu wa kujikwaa. Alipiga teke ndoo iliyokaa mahali pake pa siku zote. Mtu akimnyooshea mkono kwa ubavuni, anaupita kama haupo, na wengine wakaanza kusema ana maringo. Sisi tulisema akili yake iko kwenye lenzi, tukaishia hapo.

Kisha wakaja watu wa macho. Walikuwa wanapima bure kwenye ukumbi wa shule, na waandalizi walitaka mtu wa kuwapigia picha za kumbukumbu. Mdogo wangu alifurahi, kwa kuwa alikuwa na lenzi mpya, pana kuliko zote, na ukumbi mpana ndio mahali pa kuipima ubavu. Mimi nilikwenda kumshikia lile duara jeupe la kurudishia mwanga. Alipiga picha za foleni, alipiga za watu wazima walioziba jicho moja kwa kiganja na kubishana na herufi za ukutani. Ila picha aliyoitaka hasa ilikuwa ya mtu kwenye kiti, kidevu juu ya kile kimashine cha kupimia, na kila aliyekaa alikuwa akitikisika. Mwishowe akanishika bega, akaniambia nikae mimi, kwa sababu mimi najua kutulia.

Nikakaa kwa ajili ya picha. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakujua habari hizo, au alijua akaona kiti hakikaliwi bure. Akanitia dawa machoni, akapima. Akapima tena. Akaniuliza kama kwetu kuna aliyepoteza macho. Nikamwambia baba, lakini ule ulikuwa uzee. Akasema uzee peke yake haumfanyi mtu kipofu. Akanieleza kwamba hii ni presha ya macho, haiumi, haipigi kelele, inamla mtu kuanzia pembeni, na ubongo unamdanganya kwamba anaona vyote. Yangu ilikuwa changa, matone ya kila siku yangeizuia. Lakini inatembea kwenye damu, akasema; je, nilikuwa na ndugu wa tumbo moja?

Nikamwonyesha mdogo wangu. Alikuwa amepanda juu ya benchi, anatupiga sisi. Muuguzi akamwita, akamvutia kiti, akamwambia aje akae kabla vyombo havijafungwa.

"Sista, mimi macho ndiyo kazi yangu," akasema. "Hicho kiti wapeni wenye shida."

Akampiga picha muuguzi akiwa bado ameshikilia mgongo wa kile kiti, anamngoja.

Baada ya hapo sikumpa nafasi ya kupumua. Nilimsema asubuhi, nikamsema mchana, na wifi akapokea zamu jioni. Aliahidi atakwenda msimu wa mahafali ukiisha, kisha msimu wa harusi ukiisha. Hatimaye aliondoka asubuhi moja, amevaa shati la kutokea, kwenda hospitali kubwa. Jioni akarudi na mfuko mweusi.

Nilijua kabla hajaufungua. Foleni ilikuwa ndefu, alisema, na duka la kamera linatazamana na geti la hospitali, akaingia kuangalia tu. Muuzaji akamfungia lenzi kwenye kamera yake, akamwambia hii imetengenezwa kwa ajili ya watu wenye malalamiko kama yake. Sasa hospitali ya nini, wakati ugonjwa umeshajulikana uko kwenye kioo? Nikabwaga mkasi mezani, nikamwambia mgonjwa ni yeye, si kioo. Akanijibu kwamba mimi nimeogopa ugonjwa wangu na natafuta mwenzangu. Sikio la kufa halisikii dawa. Tulinuniana, tukawa tunapitishiana picha chini ya pazia bila kusema neno, mpaka wateja wakatupatanisha.

Mambo yaliharibika kwenye harusi. Sherehe aliisimamia vizuri, watu wakamsifu. Nilipokuwa nachapisha picha za pamoja nikaona jambo. Mama wa bibi harusi alikatwa. Kwenye ya kwanza lilibaki bega, kwenye ya pili nusu ya kilemba, kwenye nyingine mkono tu uliomshika mwanawe kiunoni. Mwanamke aliyemlea binti yake peke yake alikuwa amesimama pale pale siku nzima, na hakuna picha hata moja iliyomweka mzima.

Nikamwita, nikaweka picha juu ya meza, nikaweka kidole juu ya lile bega. "Huyu ni nani?"

Akainama. Akawa anasogeza kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani, mpaka akafika kwenye kidole changu. Hakubisha. Aliitoa kamera shingoni mwenyewe, akaiweka mezani, na siku iliyofuata wifi alimpeleka hospitali kwa kumshika mkono mpaka mlangoni kwa daktari.

Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilibaki na tundu katikati, na katika tundu hilo ndimo alimokuwa akiiona dunia na kuilaumu kwamba ina giza pembeni. Alimuuliza daktari kama haliwezi kubadilishwa kioo. Wifi alinisimulia hili akilia. Daktari alimwambia kwamba lenzi ya jicho lake ni nzima kabisa, haina kasoro. Kilichokufa ni mshipa wa nyuma, ule unaopeleka picha kichwani, na mshipa huo hauna spea.

Dawa alipewa za kuchelewesha, si za kurudisha. Tundu likazidi kuwa dogo. Kuna siku lilimpa uso mzima wa mtu, kuna siku kidevu tu. Vifaa tuliviuza. Wapiga picha wenzake walikuja, wakafunga lenzi moja moja, wakapiga ukuta, wakapiga dirisha, na kila mmoja alisema hii ni nzima, hii haina tatizo lolote. Yeye alikaa kwenye kigoda cha wateja akisikiliza, mikono katikati ya magoti. Hapo ndipo nilipomwonea huruma mpaka nikamkasirikia tena.

Mimi naona. Kila asubuhi natia matone yangu, na bado napitisha uzi kwenye tundu la sindano bila kuomba msaada. Aliyenikalisha kwenye kile kiti ni mdogo wangu, kwa ajili ya kujaribu lenzi. Sijui nimshukuru nani, na sijui nimlaani nani.

Juzi alasiri nilikuwa kwao. Binti yuko shuleni, wifi yuko jikoni anaosha vyombo. Mdogo wangu akaniita kwa sauti ya chini.

"Dada, zile picha za mtoto nilizozikataa. Zilikuwa nzuri?"

Mdomo wangu hauna breki, wote wanajua, lakini siku hiyo ulikuwa mzito. Ningeweza kumdanganya. Nikaona kwamba tangu giza lile lianze hakuna aliyewahi kumwambia uongo zaidi ya macho yake mwenyewe.

"Zilikuwa nzuri," nikasema. "Tangu ya kwanza."

Akauliza kama zipo. Zilikuwepo, kwa sababu mimi karatasi nzuri situpi. Nikaenda studio, nikarudi nazo, nikakaa karibu yake nikaanza kumsomea. Hapa mtoto yuko mlangoni, soksi moja imeshuka, anacheka mpaka ufizi unaonekana. Akatabasamu. Hiyo aliikumbuka, alisema, soksi ile ilimuudhi sana. Kisha akauliza pembeni kuna nini.

"Kuna mkeo. Ameshika viatu vya mtoto, anamfanyia vituko."

Akaomba nyingine. Kwenye hiyo nayo wifi alikuwepo, upande wa kushoto, kitana mkononi, ametoa ulimi. Kwenye iliyofuata alikuwa amechuchumaa. Lenzi zile pana zilikuwa zimemchukua kila mara, mzima, tangu kichwani mpaka kandambili.

"Siku zote nilikuwa najiuliza mtoto anamcheka nani," akasema.

Akamwita. Wifi akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akasimama ubavuni pake kama alivyozoea, na mdogo wangu akawa anamtafuta mbele. Nikainuka, nikamshika wifi mabega, nikamleta katikati, karibu kabisa, pale ambapo tundu la jicho lake la kulia lilikuwa likimpa japo kidevu. Nikamwambia mdogo wangu, sasa yuko mbele yako, mtazame.

Alitazama kwa muda mrefu. Alisogeza kichwa juu, akakishusha, akakipeleka huku na huku polepole. Wifi hakutikisika, machozi yanamdondoka, anamtabasamia.

"Simwoni, Dada," akasema.