Vifuko vya Kasha la Wifi

Maua ya kasha hayaanikwi juani. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni Siyu, kabla sijapelekwa Mombasa kwa mjomba kusoma sekondari. Ndiyo maana nilichukia kufundishwa upya ukweni kana kwamba madaftari yalinifuta mambo ya kwetu kichwani.

Mwaka wa pili wa uhuru nilikuwa nikiishi Lamu mjini kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Binti yangu alikuwa na miezi minane. Shule ya wasichana ilitaka mwalimu, na mwalimu mkuu akanipa wiki tatu, hadi Jumatatu ya kufungua shule, nimletee jibu. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa siisikii ladha ya chakula. Mume wangu ni karani wa boma. Nilipomweleza, aliinua kichwa kutoka kwenye sahani akasema nimwulize mama yake, maana ndiye atakayekaa na mtoto. Kisha akarudi kwa samaki wake.

Mavyaa hakukubali wala hakukataa. Alisema wifi yangu anaolewa mwezi ule na kasha lake la nguo halijatiwa harufu. Nishone vifuko ishirini na vinne vya maua makavu, na kama hivyo vitanishinda, habari ya shule tusiizungumze tena.

Nikafanya. Kikuba cha maua mabichi huvaliwa jioni moja kikatupwa, lakini kifuko cha kasha kinatakiwa kunukia hata bibi harusi apate mtoto wa pili. Nilichuma asumini alfajiri kabla jua halijaiondoa harufu. Nikaongeza mrehani, mawaridi, langilangi na majani ya mkadi niliyoyakata vipande vidogo. Nikatandaza kila kitu kwenye nyungo chumba cha ndani, kivulini, nikawa nageuza asubuhi na jioni, mtoto mgongoni akivuta nywele zangu. Bafta, kitambaa cha vifuko, niliifua mara mbili wanga utoke, maana wanga huita mende. Siku ya tisa nilifikicha ua la waridi likavunjika kama biskuti. Nikachanganya na karafuu zilizopondwa, nikashona kwa mkono. Mavyaa alinusa kimoja, akakunja pua, akaenda zake. Nikavipanga kashani Alhamisi baada ya adhuhuri, kati ya nguo na nguo, nikafunga kifuniko, nikaenda kumwogesha mtoto.

Siku ya tisa baada ya hapo, Jumamosi, wanawake wa ukoo walikuja kutazama nguo za bibi harusi. Ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya Jumatatu yangu. Walikaa mkekani, shangazi wa mume wangu mbele kabisa, kahawa na halua katikati. Mavyaa akafungua kasha.

Harufu iliyotoka ilikuwa ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye beseni. Leso ya juu ilikuwa na madoa ya ukungu, meusi, madogo kama mbegu za mpapai. Ya pili vilevile. Wifi yangu akashika mdomo.

Wote walinitazama. Mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kwamba labda Mombasa maua hukaushwa kwa kalamu, na wengine wakacheka ndani ya mitandio.

Mavyaa akasema, "Nalisema mimi. Mtoto na nyumba vyamshinda, na bado yeye yuataka kushika ndia ya shule."

Ningeweza kulia, na nadhani ndicho kilichotarajiwa. Badala yake nilichukua mkasi kwenye kikapu cha kushonea, nikapasua kifuko kimoja juu ya sinia. Maua niliyoyaacha yakivunjika yalikuwa yamegandamana kama tumbaku ya kutafuna. Nikamsogezea shangazi sinia.

Shangazi alinusa, akanusa tena. "Haya yamemwagiwa marashi," alisema.

"Mimi sikutia marashi," nikasema. Kisha nikamgeukia mavyaa. "Mama, mrashi wa kunyunyizia uko kabatini mwako, na ufunguo uko kiunoni mwako."

Mkono wa mavyaa ulishuka ukazishika funguo zisilie.

"Naliona hayanuki," alisema, akimwambia shangazi, si mimi. "Naliogopa wakwe watacheka. Nalinyunyiza kidogo tu."

Kidogo tu. Kasha limefungwa, joto lile, siku tisa. Mtu aliyeanika maua maisha yake yote! Naamini hakukusudia kunikomoa, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. Angekusudia, ningejua pa kuiweka hasira yangu. Hakuniamini tu, kisha akaacha nichekwe kwa maji yake mwenyewe.

Shangazi alisema leso zifuliwe kwa ndimu na chumvi leo hii, na vifuko vishonwe vipya. Watu wakaanza kuinuka. Nikaona wakitoka nimekwisha, kwa sababu faraghani angenikatalia bila haya. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamweka mapajani mwa mavyaa mbele ya macho yote yale.

"Vifuko nitashona," nikasema. "Lakini Jumatatu naingia darasani. Mtoto hula uji saa nne."

Mavyaa alimtazama shangazi. Shangazi alikuwa akivaa viatu, polepole sana kwa mtu mwenye miguu mizima. Mtoto alishazikamata zile funguo akazitia mdomoni.

"Wa mtama au wa mtele?" mavyaa akauliza.

"Wa mchele."

Sasa nafundisha darasa la tatu. Vifuko vya pili nilivishona mwenyewe na kasha likakaa na kufuli, ufunguo nikawa nao mimi hadi siku ya harusi. Mavyaa hajaniomba radhi na sitegemei. Kila mchana nikirudi, namkuta mtoto ameoga, ameshiba, nywele zimelowa marashi ya waridi. Namwosha kichwa. Kesho yake namkuta amenyunyiziwa tena.