Sura ya Tisa Iliyofungiwa Mahamri

Naona haya hata kuisimulia, lakini nyinyi chekeni tu, kwa sababu ofisi yetu nzima pale Ganjoni ilishacheka kabla yenu, na Mama Neema wa mapokezi, ambaye Jumapili tunaimba naye kwaya moja, mpaka leo nikimpa karatasi yoyote huigeuza kwanza aone nyuma kuna nini.

Mimi ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mtu wa Taita, baba wa watoto wawili, na kwa miaka sita nimekuwa nikiandika riwaya ya mume na mke wanaokaribia kuachana (mke wangu hudhani nacheza karata kwenye simu). Mwaka huu mhariri mmoja akaipenda, ila akakwama kwenye sura ya tisa, ile ya chumbani. Akaniandikia kwamba zile kurasa nne za kitandani hazisogezi kisa wala hazitufunulii chochote kuhusu wale watu wawili, niziandike upya kufikia Ijumaa, la sivyo hatakitoa kitabu. Nikavimba kichwa. Nikajiambia huyu ni mlokole tu (mlokole ni mimi, lakini siku hiyo nilisahau), na badala ya kupunguza nikaongeza jasho na pumzi, nikazichapisha kazini mara tatu, nyuma ya fomu kuukuu za mizigo ili nisiharibu karatasi mpya.

Jumatano jioni nikabaki na lundo la kurasa na sijui pa kuzipeleka. Nyumbani haiwezekani, binti yangu husoma mpaka pakiti ya chumvi. Sasa, kila wiki ofisi yetu humpa Bi Rukia, anayeuza mahamri nje ya lango letu, fomu za zamani afungie biashara yake, basi nikazichomeka zangu katikati ya bunda lake nikaenda zangu. Hesabu yangu ilikuwa kwamba hakuna asomaye karatasi ya mahamri, mtu hula, hufuta vidole, hutupa. Nilichosahau ni kwamba mhariri alikuwa ametaka jina langu chini ya kila ukurasa.

Alhamisi, chai ya saa nne, Mama Neema alimaliza mahamri yake, akaikunjua karatasi, akavaa miwani.

"Mwakio," akasema taratibu, "huyu ni wewe?"

"Ni jina tu, Mama Neema. Wataita tuko wengi."

Kabla sijameza mate, dereva wetu akauliza nani ana ukurasa wa mia na kumi na tano, kwa sababu wake ulikatikia mtu akifungua kifungo. Basi ikawa watu wanateremka ngazi kununua mahamri na njaa hawana, wanabadilishana karatasi zenye mafuta juu ya meza yangu, na mimi nimekaa pale pale najifanya nasoma hati ya kontena. Mwishowe akatoka bosi wetu, Bwana Salim, mtu wa Mji wa Kale, mpole, na kurasa mbili mkononi. Nikasimama nikajitetea kabla hajaniuliza, kwamba tukio lile linaonyesha tabia za wahusika.

"Tabia gani?" akasema, bila hasira. "Nimesoma kurasa mbili. Mapaja nimeyajua, lakini huyu mke hata sijui yuwataka nini."

Watu wakaangua kicheko, na mimi ndipo nilipoumia kweli, kwa sababu mhariri alikuwa ameniambia maneno hayo hayo nami nikamwita mlokole.

Nikashuka kwa Bi Rukia kuokoa zilizobaki, kichwa nimekiinamisha.

"Shikamoo, Bi Rukia. Nimekutilia uchafu kwenye riziki yako, nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Uchafu wa nini? Mimi nna watoto sita, hawakuokotwa ufuoni." Akavuta ukurasa mmoja aliokuwa ameuweka kando. "Haya mahemo nimeyaruka. Lakini hapa mume yuwaikunja leso ya mkewe, polepole, kama ataka kukawia. Hapa nimesoma mara mbili. Yuwajua mke ataondoka, sivyo?"

Sentensi ile niliiandika nikipita tu, nikikimbilia kitandani. Wallahi sikujua kwamba mume anajua. Lakini alikuwa anajua, na kama anajua, basi kila anapomgusa anaaga, na hilo ndilo jambo ambalo kurasa nne hazikulisema hata mara moja.

Jioni ile niliiandika upya sura ya tisa. Kitandani sikuwatoa, maana ndoa ile bila kitanda ingekuwa uongo, ila sasa ni mistari kumi tu. Ijumaa nikaituma, na kufikia alasiri mhariri akajibu kwamba sasa anawaamini wale wawili, tuendelee na sura ya kumi. Tangu siku hiyo nimeapa rasimu zangu nitazichoma kwa mkono wangu, na simvui mtu nguo tena kwenye karatasi kabla sijajua anaogopa kupoteza nini.

Bi Rukia alinirudishia kurasa zote zilizobaki isipokuwa ile moja. Anasema haitoi mpaka nimwambie kama yule mke aliondoka au alibaki. Miaka sita naandika, na huyo ndiye mtu wa kwanza kuniuliza.