Mama Povu anafua, nyongeza haijaja

Asubuhi kumekucha vizuri, na katika chumba cha kufulia cha hospitali ya umma mwanamke aliyejifunga aproni ya plastiki anakanyaga shuka ndani ya karo la saruji, kama mtu anayekanda udongo. Nyuma yake mashine mbili ziko kimya. Moja ni mbovu. Nyingine ni nzima, ila sabuni yake imeisha.

Manesi humwita Mama Povu.

"Povu lenyewe liko wapi?" anamtania msukuma machela, akibwaga furushi jingine. "Limebaki mdomoni tu."

"Weka shuka uende zako, baba. Hilo la mdomoni nawatunzia wakubwa."

Kila mwaka ni hayo hayo. Bajeti ya hospitali huisha mwaka ungali mbichi: wagonjwa wamezidi, dawa zimepanda bei, na madeni ya mwaka jana yamekula fungu la mwaka huu. Kinachobaki ni kungoja fedha za nyongeza kutoka serikalini. Ndiyo maana hapa neno hilo limegeuka. Kitu kikiwekwa kwenye nyongeza, basi hakipo.

"Sabuni iko kwenye nyongeza, glavu ziko kwenye nyongeza," anasema. "Mwaka jana hata mshahara wetu sisi vibarua ulikuwa huko. Miezi miwili tulikula kwa neema ya Mungu."

Wiki iliyopita neno hilo liligusa ndugu yake mwenyewe. Mdogo wake wa mwisho, aliyelazwa wodi ya wanawake kwa uvimbe tumboni, alimpokea akitabasamu.

"Dada, daktari kasema operesheni yangu imewekwa kwenye nyongeza. Wenzangu wote hawakupata, mimi tu."

Mama Povu akainama, akajifanya anachomekea shuka. "Alishawapigia wanawe simu," anasimulia sasa. " Nikasema amina, nikatoka. Amina ile imenikaa kooni kama mwiba."

Daktari wa zamu hafichi. "Dawa ya usingizi iliyobaki ni ya wanaojifungua na majeruhi. Yeye anaweza kusubiri. Mpaka lini, sijui."

Jana mgonjwa aliomba aletewe gauni la kurudia nyumbani baada ya operesheni. Hapo Mama Povu akaketi kitandani, akamweleza nyongeza ni nini.

Mdogo mtu akamgeukia. "Sasa ile amina ilikuwa ya nini?"

"Ya woga, mdogo wangu."

"Basi usinisemee nyingine ya hivyo."

Uvimbe unakua, chakula kinapita kwa shida. Wodini hawezi kungoja bila tarehe; Jumamosi Mama Povu atamhamishia kwake, chumba kimoja nyuma ya ukuta wa hospitali. Yeye atalala chini.

"Fedha za nyongeza zikija leo, kesho zimeisha," anasema, akikamua shuka. "Wagonjwa wa mbali watapigiwa simu waje. Huyu wangu nitamleta kwa mkono, kabla foleni haijaanza."