Papa Ameyakuta Mawe Yangu ya Mpakani

Sijawahi kumwambia mtu: chini ya kitanda changu nimeficha mawe.

Ni visukuku vya krinoidi, wanyama wa bahari wa kale waliogeuka mawe. Nimeviokota pande zote mbili za mpaka wa Minnesota, tunakoishi, na Iowa, majimbo ya Marekani, ili nivilinganishe.

Leo Papa kaikuta mifuko ya mawe hayo. Nimeiandika "mpakani".

Akafunga mlango. "Mwanangu, nani amekutuma kuvusha mawe? Tuyatupe sasa hivi!"

Jamani! Kwetu Kongo, mawe ya madini yakivushwa mpakani huleta askari nyumbani.

Nyie mngejibu nini? Mimi nikampa daftari langu la michoro ya visukuku hivyo, ambalo hata dada hajaliona.

Akatazama weee. Kisha: "Huyu wa Iowa na huyu wa hapa ni ndugu. Mbona umewatenganisha?"

Kweli, nilikosea!

Papa katoka kufuata miwani aichunguze michoro vizuri. Nasikia hatua zake, anarudi. Daftari nimeliacha wazi.