Jicho la Muujiza Limezibwa Plasta

Kwa miaka minne jicho la mwanangu lilipigiwa makofi kanisani. Jicho lenyewe halikuwa na ugonjwa wowote.

Mimi ni Taaka, mzaliwa wa Busia, nimeolewa Kirewa, ng'ambo ya mpaka. Akumu wangu alizaliwa kwa taabu, akatoka na jicho la kulia jekundu kama nyanya.

Daktari akasema, "Wekundu huo utaisha wenyewe. Lakini mrudishe nimchungulie ndani, macho yote mawili."

Sijatoka hata kitandani, Pasta Erisa wa kanisa letu huyo, kafika na mafuta yake ya upako. Baada ya wiki mbili wekundu ukaisha, pasta akatangaza muujiza. Basi ikawa kila Jumapili mtoto anapandishwa madhabahuni kama mbuzi wa mnada.

Nikataka kurudi hospitali. Mume wangu Odwori, shemasi wa kubeba mkoba wa pasta, akanifungia njia.

"Wewe unataka kuaibisha Mungu? Hiyo jicho si imepona?"

"Na lile lingine?"

"Ile iko safi. Hata kipofu anaona."

Shemasi mzima, akili ya kuku.

Mwaka huu tulikuwa tunapepeta karanga. Vumbi likamwingia Akumu jicho la kulia, akalifumba. Akainuka kunijia, akajigonga uso kwenye nguzo ya jiko. Mchana kweupe.

Sikumuaga mtu. Nikavuka naye mpaka wa nchi, hadi kliniki ya macho. Daktari wa huko akamziba jicho la kulia, akamwonyesha picha. Mtoto akaipapasa kwa vidole, kisha akaanza kulia.

"Damu ile ya nje haikuwa na neno," daktari akaniambia. "Hili la kushoto lilivujia damu ndani, pale pa kuonea. Damu iliisha, ila jicho halikujifunza kuona. Mngekuja mapema ingekuwa rahisi. Sasa tuzibe lile zima, hili lifanye kazi."

Nililia hapo hapo, kwa hasira.

Jumapili nikaingia kanisani na mtoto, jicho la muujiza limebandikwa plasta.

"Mama Akumu, nani amefunga jicho ya Bwana?" pasta akauliza mbele ya watu.

"Mimi. Ili lile mlilolipuuza lijifunze kazi."

Odwori akainama kutazama viatu vyake. Aibu ilikuwa yake, mimi sikuwa nayo.

Juzi, miezi imepita, pasta kaja nyumbani eti aniombee nitubu. Kavua viatu mlangoni, kaketi. Akumu, plasta ikiwa bado juu ya jicho la kulia, akamkodolea macho miguuni.

"Mama, soksi ya pasta imetoboka. Kidole kinachungulia."

Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Pasta akavuta miguu chini ya kiti.

Ndugu zangu, mtoto akizaliwa na damu jichoni, achunguzwe macho yote mawili, hata lile lisilo na damu. Wenye makofi yao wasubiri nje.