Unga wa Bada Sandukuni

Barua ya mdogo wangu ilifika wiki ya tatu tangu aanze chuo cha ualimu Korogwe. Niliisoma mimi, kwa sababu nyumbani kwetu, katika kijiji cha ujamaa karibu na Mkata, aliyemaliza kidato cha nne nilikuwa mimi peke yangu. Elimu yangu ilikuwa na kazi mbili: kusoma barua za nyumba nzima, na kuandika mahudhurio ya shamba la kijiji. Kazi zote mbili hufanywa kivulini. Sikulalamika.

“Chakula hakipiti,” aliandika. “Nikizungumza wenzangu wananicheka. Mwambieni mjomba aje anichukue.”

Hakukosea kumtaja mjomba. Kwetu Wazigua mtoto ni wa ukoo wa mama, na kaka yake mama akitoa neno juu ya mpwa wake, baba hubaki kukuna kichwa. Mjomba akaitwa, akasomewa.

“Nitamfuata kesho kutwa,” alisema. “Huyo binti si yatima. Tena kuna mtu anayetafuta mke, amekwisha kuniuliza habari zake.”

Baba alitazama chini. Mama akaanza kufuta machozi.

Nilikuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Miaka miwili kabla ya hapo nilikwenda Hale kujifunza umeme. Siku ya tisa niliandika barua kama hiyo hiyo, nikaongeza na homa ambayo sikuwa nayo. Baba alikuja na basi la kwanza, akabeba godoro langu kichwani kana kwamba ananitoa vitani. Mama alinichinjia jogoo. Tangu hapo sikuwa nimevuka Segera, na watu wote wakaniita Fundi Umeme, ingawa kijiji chenyewe hakikuwa na hata waya mmoja.

“Asifuatwe,” nilisema.

Mjomba akanigeukia. “Nani anasema? Fundi Umeme?”

“Ndiye huyo huyo, mjomba. Nitazame vizuri, halafu uniambie kama unataka wa pili.”

Baba alicheka, kisha akakumbuka kwamba mjomba yupo, akakohoa.

“Wewe tulikupokea kwa mapenzi,” mama alisema. Nilimuumiza, niliona.

“Mlinipokea haraka mno, mama. Mngechelewa wiki mbili tu, ningeona haya kuondoka.”

Mama alimaliza kufuta machozi. Kisha akasema, “Nitakwenda mimi. Na sitakwenda mikono mitupu.”

Sote tulielewa. Kwetu anayekwenda kumrudisha mtu hasafiri na mzigo; mikono huachwa kwa ajili ya vitu vya huyo anayerudi. Ukimwona mtu ana kikapu kilichojaa, huyo anakwenda kusalimia tu.

“Dada, unanipinga?” mjomba aliuliza.

“Nakwenda kumsalimu mwanangu. Ukitaka, nibebee kikapu mpaka barabarani.”

Hakubeba. Mama alishinda akitwanga makopa na kuchekecha unga wa bada, ugali wetu wa muhogo, mpaka kikapu kikahitaji mwanamume. Mwanamume akawa mimi, tena si mpaka barabarani bali mpaka Korogwe, jambo ambalo hakuna aliyeniuliza.

Tulimkuta mdogo wangu langoni mwa chuo, amekalia sanduku lake la bati, limekwisha kufungwa kamba. Alikitazama kikapu kabla ya kututazama sisi.

“Shikamoo mama. Shikamoo kaka. Mjomba yuko wapi?”

“Marahaba. Mjomba hajambo, anakusalimu. Nimekuletea unga.”

“Mama, na sanduku langu?”

“Zuri. Panya hawaingii?”

Akaanza kulia. Mama alishika mpini wa kikapu kwa mikono yote miwili, na najua kwa nini: mmoja ungebaki huru, ungeshika kamba ya sanduku.

“Kaka, mwambie. Wewe si ulirudi?”

“Nilirudi. Leo Handeni nzima hakuna anayenishinda kuchambua mawe kwenye maharage. Kama unaitaka kazi hiyo, ina mwenyewe. Sikupishi.”

Alicheka huku kamasi zikimtoka, akakasirika kwamba amecheka.

“Unga huu ukikaa kwenye kikapu utaliwa na panya,” mama alisema. “Utie sandukuni.”

“Limejaa nguo.”

“Basi toa nguo.”

Alisimama muda mrefu, akitazama barabara. Kisha akapiga magoti, akafungua kamba. Nguo alizipeleka bwenini kwa safari mbili, na ya pili hakuharakisha kurudi. Tulimsikia ndani akimweleza mwenzake jinsi bada inavyosongwa.

Tuliporudi, mjomba alikuwa barazani kwetu, anasubiri.

“Yuko wapi?”

Mama akamwonyesha kikapu kitupu. “Yuko chuoni. Anakula.”

“Na yule aliyeniuliza, nimwambie nini?”

“Mwambie darasa la watu wazima hapa kijijini linaanza saa kumi,” mama alisema, akivua viatu. “Aanzie huko.”