Wivine Ajinyoa Mwenyewe

Elise alimnyima mke wa kaka yake kunyolewa. Kosa ni hilo, na lisemwe kwanza, kabla watu hawajaanza kulipaka mafuta.

Mwanamke huyo ni Wivine wa Dilala, mtaa wa Kolwezi. Mume wake, Mathieu, alikuwa mchimbaji, na shimo lilimfukia. Kwa desturi ya ukoo wa Mathieu, mjane hagusi nywele zake tangu siku ya kilio. Hazichani wala hazisuki. Hapikii watu. Anakula kwenye sahani yake peke yake, na hakuna anayetia mkono humo. Siku ya kumaliza kilio, dada wa marehemu huja na wembe, humnyoa, humwosha, kisha humwambia, "Ndugu yetu amekuacha, enda." Hapo ndipo mjane anakuwa mtu tena. Akijinyoa mwenyewe, wanasema, marehemu hukaa mgongoni mwake na kuonja kila anachokula, na atakayekula naye atafuatwa.

Mathieu alikuwa na dada mmoja tu, Elise. Siku ya kumaliza kilio ilipofika, munkoyo, kinywaji cha mahindi, ulikuwa umeshaiva na wazee wameketi. Elise akaja mikono mitupu.

"Utoke kwanza mu nyumba ya kaka yangu," alisema. "Ukitoka, njo nitakunyoa."

"Shemeki, hii nyumba tulinunua mi na Mathieu."

"Basi bakia na nyumba. Mi nabakia na wembe."

Wazee wakanywa munkoyo wao, wakafuta midomo, wakaenda zao.

Mvua zikaja, zikaisha, zikaja tena. Nywele za Wivine zilishikana, zikawa nzito kama godoro lililonyeshewa. Zamani aliuza sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, sokoni, na watu walisukumana mbele ya sufuria yake. Sasa walewale walivuka barabara wakimwona.

Aliyempa kazi alikuwa mgeni. Mama Suda, mwanamke wa Thailand, alifika Kolwezi na mumewe, fundi wa mashine, akafungua mgahawa mdogo karibu na njia ya Kingamyambo. Wivine alikubali kuosha sufuria tu. Chakula hakukigusa. Mchana Mama Suda alipanga sahani katikati ya meza na kumwita, na kila mara Wivine alisema ameshiba, akaenda kula muhogo wake nyuma ya ukuta.

Mama Suda hakujua desturi. Aliyaona mambo kwa macho yake, na macho yake yalimwambia kwamba Wivine anamdharau.

"Chakula yangu ni muchafu?" aliuliza Jumamosi moja, kwa Kiswahili chake cha kuokota sokoni.

"Hapana, mama."

"Kwetu mutu hakulake peke yake. Mutu anakula peke yake, ni mugonjwa ao ana roho mubaya. Kesho tunakula pamoja. Ukikataa, usirudie tena hapa."

Wivine alirudi nyumbani na maneno hayo kama mtu aliyebeba kaa la moto. Kumweleza Mama Suda aliogopa. Nani anamweka jikoni mwanamke ambaye maiti wake hajamwacha?

Jumapili asubuhi, majirani wakiwa kanisani, alifunga mlango, akasimamisha kioo juu ya ndoo na kushika mkasi. Mkasi ulikataa. Nywele zile hazikukatika, zilitafunwa. Akakata kidogo kidogo, mafungu yakianguka miguuni, na kila lilipoanguka moja aligeuka kuangalia mlango. Kisha akachukua wembe. Mbele palikubali. Nyuma ya kichwa ndipo palipokuwa shida, maana macho hayafiki huko. Alipapasa kwa kidole cha mkono mmoja na kunyoa kwa mwingine. Wembe ukamla shingoni. Damu iliposhuka mgongoni, ya moto, alisimama bila kupumua. Huko huko mgongoni ndiko wanakosema marehemu hukaa.

"Mathieu," alisema, "kama ni wewe, useme." Akamalizia kunyoa.

Mchana, mgahawani, Mama Suda alipoona kichwa kile cheupe, hakuuliza. Alimpa papai bichi lililokatwa nyuzi nyuzi, pilipili, karanga, uduvi mkavu na kinu. Wivine akatwanga kama alivyojua kutwanga, kwa nguvu za sombe, mpaka papai likawa uji. Mama Suda akapiga kelele.

"Weh! Unauwa papai! Hii si sombe! Gonga, geuza. Gonga, geuza!"

Wakamwaga, wakaanza upya. Safari hii papai liliumia tu bila kufa. Mama Suda akatia ndimu na maji ya samaki waliochachushwa, akaleta wali wa kunata, ambao hufinyangwa kwa vidole kama bukari, ugali wa Kolwezi. Wakaketi. Papy, dereva wa pikipiki aliyekula pale kila Jumapili, akaketi nao.

Wivine akafinyanga tonge, akachovya. Uchachu ulimkamata taya, pilipili ikafuata, kisha chumvi ya samaki, kisha karanga ikaja taratibu kutuliza ugomvi. Alikuwa hajatia mkono kwenye sahani ya pamoja tangu kilio. Alikula huku machozi yakimtoka. Papy akacheka.

"Mama, pilipili ya Wathai imekuweza!"

Hapo Elise akaingia. Habari za kichwa kilichonyolewa zilikuwa zimemfikia kanisani, kutoka kwa waliomwona njiani.

"Nani alikunyoa?"

"Mi mwenyewe."

"Papy, utoe mukono! Huyu muke, kaka yangu hajamuacha bado. Na munajua sababu? Alimutilia dawa mu bukari, njo Mathieu alishuka mu shimo na kizunguzungu!"

Mkono wa Papy ulirudi kama uliogusa jiko. Watu wa meza ya jirani wakasimama.

Wivine hakuinuka.

"Usiku ya mbele ya kufukiwa, Mathieu alilala kwako, Elise. Asubuhi bukari alikula kwako. Kwangu hakupita. Useme kama ni bongo, kama nadanganya."

Elise akageuka. Akatoka.

Mama Suda alikuwa amepata nusu ya maneno, na nusu ilimtosha. Aliangalia sahani, akaangalia damu iliyokauka shingoni mwa Wivine. Kisha akafinyanga tonge, akalichovya pale pale vidole vya Wivine vilipokuwa, akala.

"Kula," alisema. "Wali inapoa."

Wivine anapika pale hadi leo. Papy alirudi, maana tumbo halina aibu, ila sahani yake huipokea kutoka kwa mkono wa Mama Suda. Wengi wanafanya hivyo. Neno lile la dawa bado linatembea Dilala.

Mwenye kulirudisha ni Elise, si mwingine. Alilitoa mbele ya watu, na mbele ya watu anadaiwa kulimeza: aje mchana, meza zikiwa zimejaa, aseme asubuhi ile kaka yake alikula kwake, kisha anawe mikono, atie tonge kwenye sahani ya Wivine. Hajaja.